Tumeongoza dakika 77, kipindi chote cha pili wapinzani wako kumi, tumetoka sare na Zambia. Tujadili mbinu

#1 Mleta uzi (Jumapili usiku, 21 Januari 2024)

Wakuu, habari za usiku.

Naomba huu uzi ubaki kwenye mpira. Nyuzi za kutafuta mchawi zimejaa tangu filimbi ya mwisho, na sioni kumtukana mchezaji mmoja kutatusaidia nini Jumatano mbele ya Kongo.

Kwa ambaye hakuiona mechi ya Taifa Stars, timu yetu ya Tanzania, kule Ivory Coast: San Pédro, dakika ya 11, Samatta anampa Msuva pasi, Msuva anafunga. Dakika ya 44 Roderick Kabwe anaoneshwa njano ya pili, Zambia wanabaki kumi. Tunakwenda mapumziko tukiwa mbele kwa goli na mbele kwa mtu. Dakika ya 88 inapigwa kona, Patson Daka anaruka, kichwa, 1-1.

Inauma kwa sababu hatujawahi kushinda mechi hata moja kwenye fainali hizi za AFCON, kombe la mataifa ya Afrika. Mwaka 1980 kule Nigeria tuliambulia sare moja. Mwaka 2019 kule Misri tulipoteza zote tatu. Safari hii tumeanza kwa kupigwa tatu na Moroko. Ushindi wa kwanza katika historia ulikuwa umebakiza dakika mbili na zile za nyongeza.

Hoja yangu ni hii: kipindi cha pili tulicheza kana kwamba sisi ndio tuliopungukiwa na mtu. Nilichokiona ni mstari wa nyuma unashuka, viungo wanaufuata, Samatta anabaki peke yake huko mbele, na kila mpira tuliounyang'anya tukaubutua. Ukibutua, unamrudishia mpinzani mpira bure, anajipanga upya, anakuja tena. Mwenye watu kumi hahitaji zawadi nyingine zaidi ya hiyo.

Watu watasema timu ya watu kumi ni ngumu kufungwa, na watatoa mfano wa Inter pale Camp Nou kwa Barcelona mwaka 2010, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Thiago Motta alitolewa dakika ya 28, Inter wakajaza watu mbele ya boksi lao, wakafungwa moja tu na wakaenda fainali. Sawa kabisa. Lakini Inter walikuwa wanalinda mtaji wa 3-1 wa mechi ya kwanza. Hawakuhitaji kutoka. Zambia leo walikuwa nyuma. Kumi aliye nyuma hana namna, ni lazima atoke kuja kutafuta goli, na akitoka anaacha uwanja mkubwa mgongoni mwake. Ule uwanja ulikuwa wetu, na hatukwenda kuuchukua.

Watu kumi kwa kawaida wanajipanga 4-4-1: mabeki wanne, viungo wanne, mshambuliaji mmoja. Yule mmoja wa mbele hawezi kuwakimbiza mabeki wawili wa kati peke yake. Kwa hiyo beki mmoja wa kati ana ruhusa ya kupanda na mpira mguuni mpaka kiungo wao atoke kumfuata, na akitoka kiungo, pale alipokuwa pamefunguka. Wale wanne wa katikati hawawezi kuziba upana wote wa uwanja. Unapeleka mpira kulia, wanasogea kulia, unaurudisha kwa haraka kushoto, fulbeki (beki wa pembeni) wa kushoto yuko huru. Fanya hivyo mara tano mfululizo bila hata kupiga shuti na utaona miguu yao inaanza kuwa mizito. Kulinda goli ni kuuweka mpira mbali na kipa wako. Ukikaa nao wewe, Daka hawezi kupiga kichwa.

Karibuni, lakini kwa hoja.

#2 Mdau

Mkuu, nimekusoma na nakuheshimu, ila unaongea kama mtu aliyesahau tumefikaje Ivory Coast.

Tumefika kwa kuzuia. Septemba 7 mwaka jana pale Annaba, Algeria nyumbani kwao, tulihitaji sare, tukapata 0-0. Usiku ule kila mtu humu alikuwa anasifia nidhamu, kujitoa, mabeki kulala chini. Leo mbinu ile ile imetobolewa dakika ya 88, imekuwa upumbavu? Kama Daka anakosa kile kichwa, uzi huu ungekuwa na kichwa cha habari "Ukuta wa Stars".

Halafu tuwe wakweli kuhusu tulicho nacho. Hizo pasi za kulia kushoto unazozisema zinahitaji watu wanaoweza kupokea mpira wakiwa wamefungwa mgongoni, kwenye fainali, mguu ukiwa umechoka. Ukipoteza mpira mmoja katikati wakati fulbeki wako amepanda, unafungwa dakika ya 55 badala ya 88. Kocha aliyepo pale anajua miguu ya vijana wake kuliko sisi.

Tulichokosea ni kona moja. Na hiyo pointi ni ya pili tu kwa nchi hii tangu 1980, msiitemee mate.

#3 Mleta uzi

Mkuu wa #2, pointi siitemei mate. Lakini Annaba na San Pédro usiziweke kapu moja. Annaba 0-0 ilikuwa inatosha, tulikuwa ugenini, wapinzani kumi na moja, na ni Algeria. Kuzuia kulikuwa ndiyo hesabu sahihi. Leo wapinzani walikuwa kumi. Hali ikibadilika uwanjani na wewe unabadilika, vinginevyo hiyo si mbinu tena, ni mazoea.

Na hilo la "Daka angekosa" silikubali. Tungeshinda, ningefurahi mpaka asubuhi, na bado ningesema tulicheza kipindi cha pili vibaya. Matokeo hayabadilishi kilichofanyika dakika 43 zilizotangulia.

#4 Mdau

Habari zenu. Mimi nafundisha vijana wa chini ya miaka 17, kwa hiyo nitabaki kwenye kitu kimoja ninachokishughulikia kila wiki: kona.

Watu wanauliza nani alimwacha Daka. Nani amemwacha ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni kwa nini Zambia walipata watu wa kutosha ndani ya boksi letu wakati wako kumi.

Fanyeni hesabu nami. Kumi, toa kipa, wanabaki tisa. Toa mpiga kona, wanabaki nane. Sasa, ni wangapi watabaki nyuma kulinda? Hiyo haiamuliwi na wao, inaamuliwa na sisi. Tukiacha washambuliaji wawili kwenye mstari wa kati, wao watalazimika kubakiza watatu. Wanabaki watano ndani ya boksi, na sisi tuna tisa pamoja na kipa. Tisa kwa watano! Lakini tukimwita kila mtu arudi "kusaidia", wao wanabakiza mmoja tu na saba wanaingia. Umewaongezea watu wawili kwa mkono wako mwenyewe, na boksi limejaa mpaka kipa hana njia ya kutoka.

Vijana wangu nikiwaambia waache wawili mbele wakati tunaongoza moja bila, wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mwili wote unawaambia warudi. Ndiyo maana kinatakiwa kufanyiwa mazoezi mpaka kizoeleke, huwezi kukiamua dakika ya 87 kwa kupiga kelele kutoka kwenye benchi.

Na jambo la pili, dogo ila kubwa: kuzuia kunachosha kuliko kukaa na mpira. Mwenye mpira anachagua lini akimbie. Anayezuia anakimbia pale mwenzake anapotaka. Ndiyo maana timu iliyozuia tangu dakika ya 46 inafika ya 85 haina miguu ya kuruka, hata kama ilikuwa na mtu zaidi.

#5 Mdau

Mkuu wa #4 umenifungua kichwa, hiyo hesabu ya kona sijawahi kuisikia redioni.

#6 Mdau

Wote mnazungumza kana kwamba timu hii ilikuwa na wiki nzima ya kujiandaa. Turudi nyuma kidogo.

Jumatano tumefungwa na Moroko. Baada ya hapo kocha mkuu, Adel Amrouche, kafungiwa na CAF, shirikisho la soka Afrika, mechi nane kwa kauli zake kuhusu Moroko, na Ijumaa TFF, shirikisho letu la soka, ikamsimamisha. Hemed Suleiman "Morocco" akakabidhiwa timu, Juma Mgunda akiwa msaidizi wake. Ijumaa hadi Jumapili! Mtu anapewa timu ya taifa katikati ya mashindano na ana siku mbili, na katika hizo mbili moja ni ya kupumzisha miguu.

Kocha wa namna hiyo anaweza kurekebisha nini? Anaweza kuwatuliza vichwa, anaweza kubadilisha jina moja au mawili. Hawezi kufundisha timu kucheza dhidi ya watu kumi. Kile kilichoonekana kipindi cha pili ni kile kilichokuwa tayari ndani ya timu, yaani kuzuia, kwa sababu ndicho kilichofundishwa kwa miezi mingi. Ukimuamsha mtu usiku wa manane ataongea lugha ya mama yake.

Upande wa pili kulikuwa na Avram Grant, mtu aliyefika fainali ya Ligi ya Mabingwa na Chelsea mwaka 2008 na fainali ya AFCON na Ghana mwaka 2015. Yeye alikuwa na mapumziko ya dakika 15 kupanga kumi wake, na wakarudi na mpango.

#7 Mleta uzi

Mkuu wa #6, hilo la muda nalipokea, na simtupii lawama Hemed. Kusema kweli namwonea huruma.

Ila nikukumbushe kwamba mfumo unaweza kubadilika ndani ya mapumziko. Liverpool mwaka 2005 kule Istanbul walikwenda mapumziko 3-0 nyuma ya Milan. Benítez akamtoa Finnan, beki wa kulia, akamwingiza Hamann, kiungo mkabaji, nyuma wakabaki watatu. Gerrard akapata uhuru wa kupanda, na kati ya dakika ya 54 na ya 60 yalikuwa yameingia magoli matatu. Badiliko lenyewe lilikuwa jepesi: mtu mmoja ndani, mmoja nje, na kila mtu anajua amehamia wapi.

Sisi kazi yetu ilikuwa nyepesi kuliko hiyo. Tulikuwa mbele. Tulihitaji maagizo mawili tu: winga wasishuke chini ya mstari wa kati tukiwa na mpira, na beki wa kati apande. Hilo halihitaji wiki.

#8 Mdau

Ndugu zangu wa Taifa Stars, poleni. Mimi ni Mkenya, naomba niseme kidogo.

Hamtapenda kukumbushwa, lakini Juni 2019 pale Cairo mlituongoza mara mbili. Msuva alifunga mapema dakika ya 6, Olunga akasawazisha, na dakika moja baadaye Samatta akawapa tena uongozi. Mkaenda mapumziko 2-1. Sisi mashabiki wa Harambee Stars tulikuwa tumekata tamaa kabisa. Kipindi cha pili tulishangaa kuona mnatuachia uwanja. Omolo akasawazisha dakika ya 62, Olunga akamaliza dakika ya 80. Tatu kwa mbili.

Nawaambia kama jirani: nyinyi mkiongoza, mnaanza kutazama saa. Mpinzani analiona hilo na linampa nguvu. Na wakati ule sisi hatukuwa kumi wala nyinyi hamkuwa na kocha wa siku mbili.

#9 Mdau

Huyu jirani amegonga penyewe. 2019 kocha mwingine, wachezaji wengi wengine, ugonjwa ule ule. Kwa hiyo tatizo si Hemed, si Amrouche. Ni hofu. Tunaogopa kushinda.

#10 Mleta uzi

Hapana mkuu, hapo kwenye "tunaogopa kushinda" tutaachana. Hofu ni jibu la mkato. Ukishasema ni hofu, hakuna cha kufundisha, tunabaki kuwaambia vijana "jiaminini" na kuwaletea watu wa hamasa kambini.

Mchezaji akipokea mpira na ana pasi mbili wazi anazozijua, haogopi. Anaogopa pale anapoinua kichwa na hamuoni mtu, Samatta yuko mita arobaini mbele amezungukwa na watatu, winga ameshuka kusaidia fulbeki. Hapo hata mimi ningebutua. Hofu inatokana na umbali kati ya mtu na mtu. Punguza umbali, timu isogee juu pamoja kama mstari mmoja, utaona huo ujasiri mnaoutafuta umetokea wapi.

#11 Mdau

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Nani hapa Tanzania anafundishwa kuutuliza mpira? Tazameni klabu zetu kubwa. Yanga wanaochezesha pale mbele ni Aziz Ki na Pacôme. Simba kwa miaka anayeamua lini mpira uende haraka na lini usimame ni Chama, na huyo Chama jana alikuwa kwenye kikosi cha Zambia! Kazi ya kushika mpira wakati timu inaongoza, kuuficha, kuvuta faulo, kupunguza kasi, kwenye ligi yetu anaachiwa mgeni. Mzawa anapewa kukaba, kukimbia pembeni na kuwania mpira wa juu. Tukikutana timu ya taifa, tuna wakabaji na wakimbiaji wazuri kabisa, ila mwenye saa ya mchezo hayupo.

Siwalaumu wageni, wametuinulia ligi, na klabu zetu zinafika mbali Afrika kwa sababu yao. Ila tusishangae kipindi cha pili hakuna wa kuukanyaga mpira.

#12 Mdau (yule wa #4)

Mkuu wa #11, umeweka kidole kwenye kidonda. Huku chini kwenye vijana nakiona kila siku. Mtoto mwenye uwezo wa kupokea mpira akiwa amefungwa na kugeuka, kila mechi ya mashindano ya shule mwalimu anamfokea "toa mpira!". Akifika miaka 16 ameshajifunza kuutoa. Tunawaua hapo, sio AFCON.

Nyongeza moja lakini: Feisal na Mudathir ni wazawa na wanacheza katikati kwenye klabu kubwa. Vipaji vipo, ni vichache na vimebebeshwa kazi nyingine.

#13 Mdau (yule wa #2)

Sasa naona mnakubaliana nami bila kujua. Kama mchezeshaji wa kuutuliza mpira hayupo, basi kocha alikuwa sahihi kuzuia! Huwezi kuniambia watu hawana, kisha unamlaumu kocha kwa kutokifanya ambacho watu hawana.

#14 Mleta uzi

Hoja nzuri, na ndiyo nzito kuliko zote zilizoletwa humu. Jibu langu: zipo njia mbili za kuuweka mpira mbali na lango lako. Ya kwanza ni kuumiliki, na hapo nakubali tuna upungufu. Ya pili ni kuwabana kule kule kwao. Watu kumi wakianza mpira kutoka kwa kipa, mabeki wanne, viungo wawili mbele yao. Ukiwasogelea na watu watano au sita, hawana mtu wa ziada wa kumpa pasi, kwa sababu wa ziada ametolewa kwa kadi. Wanabutua wao. Hilo halihitaji fundi wa mpira, linahitaji mapafu, na mapafu tunayo. Wakimbiaji mnaowasema ndio hasa wanaofaa.

Na kuna sabu tano sasa, si tatu kama zamani. Unaweza kubadilisha nusu ya wachezaji wako wa ndani na kuwaleta wapya dakika ya 60 na ya 70 kwa kazi hiyo moja tu: kimbia, bana, usiwape nafasi ya kuinua kichwa. Badala yake tukakaa kwenye boksi letu tunasubiri krosi. Hapo ndipo ninapolaumu.

#15 Mdau

Jumatano je? Kongo wana pointi mbili, sisi moja. Tunahitaji kushinda, sare haitoshi.

#16 Mleta uzi (Jumatano usiku, 24 Januari)

Korhogo, 0-0. Tumetoka.

Ukuta haukuvuja, vijana wamepigana, nawapongeza kwa moyo. Angalieni msimamo lakini. Moroko 7, Kongo 3, Zambia 2, sisi 2. Kongo wanapita wakiwa hawajashinda mechi hata moja, sare tatu. Kama lile goli la Msuva linabaki peke yake pale San Pédro, leo tuna pointi 4 na tuko nafasi ya pili kwenye kundi. Hatua ya mtoano, kwa mara ya kwanza.

Sina cha kuongeza usiku huu.

#17 Mdau (yule wa #2)

Pole mkuu. Pole zetu wote.

Ila hesabu hiyo usiipende sana. Tungekuwa na pointi 4 kabla ya... samahani, tungeingia Korhogo na 3, Kongo wakiwa na 2, basi wao ndio wangelazimika kuja. Leo Kongo walijua sare inawatosha, wakatulia. Ingekuwa mechi nyingine kabisa, na pengine tungefungwa. Huwezi kubadilisha mechi moja ukaiacha inayofuata kama ilivyo.

#18 Mdau (yule wa #4)

Ni kweli ingekuwa mechi nyingine. Lakini mkuu wa #2, Kongo wanaolazimika kuja ni Kongo wanaotuachia nafasi nyuma, na hapo Msuva na Samatta ndipo wanapokula. Na ukuta unaousifia ungekuwa unalinda kitu. Leo tulikuwa na ukuta na hatuna cha kulinda.

#19 Mleta uzi (Jumamosi, 3 Februari)

Wakuu, naufufua uzi. Nani ameangalia Mali na Ivory Coast leo Bouaké?

Kossounou katolewa dakika ya 43. Dakika moja tofauti na Kabwe wetu! Mali, timu yenye viungo wa kweli, wanaocheza ligi kubwa za Ulaya, wakapata goli dakika ya 71. Wako mbele kwa goli na kwa mtu, kama sisi. Dakika ya 90 Adingra kasawazisha. Mwisho wa muda wa nyongeza Diakité kafunga la pili, Mali wametoka.

Hili linamjibu mkuu wa #11. Mali hawakosi watu wa kuutuliza mpira, na bado yamewakuta. Kwa hiyo shida haiishii kwenye vipaji wala kwenye ligi yetu. Ukiongoza dhidi ya kumi, kuna kitu kinakuvuta nyuma, hata kama wewe ni fundi, na benchi lisipokizuia kwa makusudi kinashinda.

#20 Mdau (yule wa #2)

Au linakujibu wewe. Kama hata Mali wameshindwa, pengine jambo lenyewe ni gumu kuliko unavyoliweka humu kwa maneno. Ivory Coast walikuwa nyumbani, uwanja mzima unasukuma. Walipigwa nne bila na Equatorial Guinea kwenye makundi, wakapita kwa pointi tatu kama yatima, na leo wamefanya hivi. Mpira una siku zake.

#21 Mleta uzi

Siku zake unazo, mkuu, sibishi. Lakini mara tatu: Cairo 2019 tuliongoza 2-1, San Pédro tuliongoza 1-0 dhidi ya kumi, na leo Mali. Zote tatu anayeongoza karudi nyuma na goli limemkuta akiwa huko. Ningekubali ni siku kama angalau moja wangefungwa kwa kaunta, wakiwa wamepanda wanatafuta la pili.

#22 Mdau (yule wa #4)

Wiki hii nimeanza kitu na vijana wangu, nikiache hapa kwa walimu wenzangu. Kumi na moja kwa kumi, dakika 20, matokeo yanaanza 1-0 kwa wenye kumi na moja. Sheria mbili. Mwenye kumi na moja akibutua mpira bila kumlenga mtu, inahesabiwa kona kwa wale kumi. Na kwenye kila kona lazima wawili wabaki mstari wa kati, nikimwona mmoja wa hao wawili ameingia boksi, napiga filimbi, penalti.

Siku ya kwanza wale kumi walishinda. Siku ya kwanza walipata kona nyingi mno kwa sababu kila aliyekuwa na mpira aliutupa. Siku ya pili mabeki wa kati walianza kupanda nao. Bado hawajawa wazuri. Fulbeki wangu wa kushoto anaogopa kuvuka mstari wa kati tukiwa tunaongoza, namsukuma kwa maneno kila mara.

#23 Mdau (yule wa #2)

Mkuu, hiyo ya kubutua kuhesabiwa kona nimeipenda, hata kama msimamo wangu uko pale pale. Swali: kipa naye akibutua unampa kona, au yeye unamsamehe?

#24 Mdau (yule wa #4)

Simsamehi. Kipa ndiye wa kwanza.